Mamba Mwenye Mtungi: Matembezi Katika Bustani ya Nandankanan

Jioni ya leo twawaalika mfuatane nasi hata Bara Hindi, katika jimbo la Odisha, lililo upande wa mashariki, kando ya Ghuba ya Bengali. Mji mkuu wa jimbo hilo waitwa Bhubaneswar. Karibu na mji huo, ukingoni mwa msitu wa Chandaka, iko bustani kubwa ya wanyama na mimea iitwayo Nandankanan, yaani Bustani ya Peponi. Ilianzishwa mwaka 1960, na eneo lake ni hekta zipatazo 437, pamoja na maji ya ziwa liitwalo Kanjia.

Upande mmoja wa ziwa hilo wamewekwa wanyama. Ng'ambo ya pili ni bustani ya mimea. Mgeni asidhani kwamba mimea hiyo ni pambo tu. Jua la Odisha wakati wa kiangazi ni kali mno, na mnyama aliyefungiwa hawezi kukimbilia msituni kutafuta kivuli. Hana budi kupandiwa kivuli pale alipo. Tarehe 3 Mei 2019 kimbunga kilichoitwa Fani kiliipiga pwani ya Odisha, miti mingi ya Nandankanan ikang'oka, na bustani ikafungwa kwa muda. Hapo ilidhihirika kwamba mti ukianguka, mnyama naye amepata hasara.

Wageni wengi waingiapo huuliza kwanza njia ya kwendea kwa chui milia weupe. Mwaka 1980 walizaliwa humo watoto watatu weupe, hali wazazi wao walikuwa na rangi ya kawaida. Weupe huo si ugonjwa, wala si kabila jingine la chui milia. Ni asili iliyofichika katika damu, nayo huonekana mtoto anapoirithi kwa baba na kwa mama pia. Walakini wafugaji wa mahali pengi, kwa kuutamani weupe huo, wamewapandisha ndugu kwa ndugu, na wanyama wazaliwao hivyo mara nyingi huwa dhaifu. Wazee walinena: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Basi na tumwache huyo ajiuzaye, twende tukamtazame asiye na wa kumsifu.

Huyo ni mamba aitwaye gariali. Mamba mnaomjua ana kinywa kipana chenye nguvu za kumkamata hata ng'ombe. Gariali si hivyo. Taya zake ni nyembamba na ndefu kama fimbo, zimejaa meno madogo makali zaidi ya 100, nazo zafaa kwa kazi moja tu: kunasa samaki. Hawindi watu. Dume akisha kukua huota kinundu juu ya ncha ya pua, kilicho mfano wa mtungi. Na katika lugha ya Kihindi mtungi huitwa ghara, ndipo alipopatia jina lake. Ijapokuwa dume aweza kufikia urefu wa meta 5 na zaidi, nchi kavu hawezi kutembea vema. Hujisukuma kwa tumbo. Jike huchimba shimo katika mchanga wa ukingo wa mto na kutaga humo mayai yake.

Mnyama huyu alikuwa karibu kutoweka duniani. Aliwindwa kwa ajili ya ngozi, mayai yake yakachukuliwa, na mito ikazibwa kwa mabwawa. Ilipofika miaka ya 1970, waliobaki porini walikadiriwa kuwa hawafiki 200 walio wazima. Ndipo mwaka 1975 serikali ya India ilipoanza kazi ya kuwaokoa mamba, na Odisha ilikuwa miongoni mwa majimbo ya kwanza kuishika kazi hiyo.

Nandankanan ilipotaka kuwazalisha, dume mmoja aliletwa kutoka bustani ya wanyama ya Frankfurt, katika Ujerumani. Tafakarini jambo hilo: mnyama wa mito ya India akatafutiwa mume Ulaya! Mwaka 1980 mayai yakaanguliwa, na kwa mara ya kwanza duniani gariali wakazaliwa mikononi mwa watu.

Je, kazi ilikwisha hapo? La. Kufuga si kuokoa. Katika miaka iliyofuata mamia ya gariali wachanga waliachiwa katika mto Mahanadi, kwenye korongo la Satkosia, lakini waliosalia walikuwa wachache mno. Adui mmoja mkubwa alikuwa wavu wa mvuvi. Taya ndefu zenye meno mengi zikisha kuingia katika nyavu hazitoki. Naye mamba, kwa kuwa huvuta pumzi kama sisi, hufa maji humo mtoni alimozaliwa kuishi.

Wala mvuvi hatumlaumu. Wavu ndio shamba lake, na gariali akinaswa, wavu hupasuka, na watoto hulala na njaa. Kwa hiyo wakuu wa misitu wa Odisha walitangaza zawadi ya fedha kwa mtu amwokoaye gariali, na fidia kwa mvuvi ambaye wavu wake umeharibika. Twaona hiyo ni hekima, kwani amri peke yake haijazi chungu.

Na mwezi wa Mei mwaka 2021 vitoto 28 vilionekana katika maji ya Satkosia. Havikuletwa na mtu. Vilianguliwa katika mchanga wa mto wenyewe, jambo ambalo halikuwa limeonekana huko kwa zaidi ya miaka 40.

Basi, wasikilizaji, tukiingia katika bustani yo yote ya wanyama, tusiulize tu ina wanyama wangapi na wa rangi gani. Tuulize pia, ni wangapi waliorudishwa kwao, na je, huko kwao pana nafasi ya kuishi? Bustani ni chumba cha mgonjwa. Mto ndio nyumba. Kwaherini.