Mkanda wa Injini ya Gari Letu



Katika sherehe hii ya miaka 10 yamesifiwa mengi, na kwa haki. Twaomba ruhusa tuseme juu ya jambo lililotutia hasara, nalo ni mkanda wa mpira uliomo ndani ya injini ya pikapu yetu ya maziwa.

Mkanda huo, ambao mafundi huuita taimingi belti, huunganisha krenki na kamshafti, ili krenki izungukapo mara 2 kamshafti izunguke mara 1, na valvu zifunguke na kufungwa kwa wakati wake. Hapo kale kazi hii ilifanywa na mnyororo au gia, na hata leo injini za mnyororo ni nyingi. Mpira uliingia katika motokaa zilizoundwa kwa wingi mwaka 1962, kwa Glas 1004 ya Ujerumani ya Magharibi. Mnyororo una adabu: ukilegea, aghalabu kwa sababu ya oili chafu, hugonga asubuhi injini iwashwapo. Mkanda hausemi neno. Ukikatika, valvu nyingine husalia wazi na pistoni huzipiga; na katika injini za dizeli nafasi baina yao ni nyembamba mno.

Pikapu hiyo tuliinunua ikiwa imekwisha kutumika, bila daftari la matengenezo. Taa ya onyo la mkanda iliwaka. Dereva akatuarifu, kama ilivyompasa. Sisi tukaandika kwa mkono wetu: "Ingoje hata baada ya msimu." Haikungoja. Injini ilizimika kilimani, maziwa ya asubuhi yakaharibika juani. Valvu zilipinda, silinda hedi ikafunguliwa, na gharama, iliyozidi bei ya mkanda mara nyingi, ilitoka katika malipo yenu. Kosa lilikuwa letu, si la dereva, ijapokuwa wapo waliomlaumu.

Kwa hiyo twaiomba Halmashauri: gari lolote kuukuu litakalonunuliwa, mkanda ubadilishwe kabla halijapakia hata dumu moja, pamoja na beringi ya kuukaza, na pampu ya maji ikiwa huzungushwa na mkanda huo huo. Tusihesabu kilometa tu, kwa maana mpira huchakaa kwa miaka hata gari likisimama, na oili ivujayo huuharibu upesi. Tarehe na kilometa ziandikwe, na daftari lisomwe katika kila kikao. Fedha zake zimo katika makisio, kifungu cha usafiri, twawasihi msizipunguze.