Ufunguo wa Kikundi Usikae Mfukoni mwa Mtu Mmoja



Asanteni kwa kufika, maana tunajua leo ni siku ya soko kwa wengi wenu. Tumeombwa tuzungumze juu ya tovuti na barua pepe za biashara zetu ndogo. Tusiyaogope maneno haya. Hili ni jambo la kujua mali ni ya nani, na katika hilo hapa hakuna mgeni.

Tuanze na yaliyotukuta. Kuna kikundi cha akina mama tunachofanya nacho kazi, wasusi wa vyondo vya mkonge. Sisi wa ofisi ya maendeleo ndio tuliowatafutia kijana wa kuwatengenezea tovuti. Kijana alifanya kazi nzuri, na bei yake ilikuwa ya huruma. Akina mama wakachapisha anwani yao ya barua pepe kwenye vijikaratasi, wakavifunga kwenye kila kiondo. Oda zikaanza kuja.

Baadaye kijana akapata kazi katika nchi za Ghuba, akaenda. Mwaka ulipokwisha, tovuti ikazimika na barua pepe ikanyamaza. Hatukujua lolote mpaka mnunuzi mmoja alipopiga simu parokiani kuuliza kama kikundi kimevunjika, kwa sababu alikuwa ameandika mara tatu bila kujibiwa. Kufikia hapo alikuwa amekwisha nunua kwingine. Pesa hizo zilikuwa karo ya muhula kwa watoto kadhaa.

Tulipompata kijana, hakukataa kusaidia. Lakini tovuti ilikuwa imesajiliwa kwa jina lake na kwa barua pepe yake, na ile laini yake ya zamani ya kupokea nambari ya siri ilikuwa imekwisha fungwa. Hata yeye mwenyewe hakuweza kuingia. Ikabidi tuanze upya kwa jina jingine, na akina mama wakakaa siku nzima wakikata vijikaratasi vya zamani na kufunga vipya. Kijana hatumlaumu, hakuiba kitu. Kosa lilikuwa letu sote. Hakuna aliyeuliza mwanzoni, "Hiki kitu ni cha nani?"

Sasa tuelewane. Ndani ya tovuti mna mambo matatu.

La kwanza ni jina. Majina ya Kenya yanayoishia kwa .ke yanasimamiwa na KeNIC, iliyoanzishwa mwaka 2002. Biashara hutumia .co.ke, na mashirika yasiyo ya faida hutumia .or.ke. Unalisajili kupitia wakala aliyeidhinishwa. Jina halinunuliwi likawa lako milele. Ni kama sanduku la posta: unalipia kwa muda, na usipolipa, mwingine anaweza kulichukua.

La pili ni mahali pa kuhifadhi tovuti, yaani kompyuta ya kampuni fulani inayowaka usiku na mchana. Hiyo ni kama nyumba ya kupanga. Ukigombana na mwenye nyumba unahama, mradi jina ni lako.

La tatu ni barua pepe. Huko ndiko oda zinakofika, na huko ndiko kampuni hutuma ujumbe ukisahau neno la siri. Anayeishika barua pepe amezishika zile nyingine zote.

Basi tufanye nini? Tunashauri mambo matano.

1. Jina lisajiliwe kwa jina la kikundi, vile lilivyo kwenye cheti chenu. Fundi anaweza kuandikwa kama mtu wa ufundi, lakini mwenye mali awe kikundi. Mwambieni awaonyeshe kwa macho yenu.

2. Barua pepe ya kusajilia iwe ya kikundi, na isiwe ile inayotegemea jina hilohilo la tovuti. Jina likiisha muda, barua pepe hiyo nayo hufa, na lile onyo la kulipia haliwafikii. Ni sawa na kufungia ufunguo ndani ya nyumba. Mnaweza kufungua ya bure kama Gmail, lakini muitumie: tangu Desemba 2023 Google ilianza kufuta akaunti za watu binafsi zisizotumika kwa miaka miwili.

3. Laini ya simu inayopokea nambari ya siri iwe inajulikana na kamati, na iwekwe salio na kutumika. Laini ikilala muda mrefu inaweza kufungwa na nambari yake kupewa mtu mwingine. Na mtu akiwapigia simu akitaka mumsomee ile nambari ya siri, msimsomee, hata akisema yeye ni wa kampuni.

4. Neno la siri lijulikane na viongozi wawili, na liandikwe, litiwe kwenye bahasha iliyofungwa, likae ndani ya lile sanduku la pesa lenye kufuli tatu. Siku ya kukabidhiana ofisi, mnakabidhi vitabu na muhuri, si ndiyo? Basi na hili likabidhiwe, na viongozi wapya walibadilishe siku hiyohiyo.

5. Malipo yatoke kwenye pesa za kikundi, na risiti iwe kwa jina la kikundi. Katibu aandike tarehe ya mwisho kwenye kumbukumbu za mkutano, na mweka hazina akumbushe mwezi mmoja kabla.

Wengine wenu mtasema, "Yetu imeshasajiliwa kwa jina la fundi." Msingoje ugomvi. Mwendeeni sasa, wakati bado mnaongea vizuri na simu yake inashika. Mwombeni aandikie wakala, jina la mwenye mali libadilishwe liwe la kikundi, na mpewe maneno yote ya siri. Mlipeni haki yake kama mna deni. Fundi mwaminifu atafurahi kuutua mzigo huo.

Hakuna kati yetu anayeweza kumpa mgeni muhuri wa kikundi aende nao nyumbani, hata awe mtoto wetu wa kumzaa. Ile anwani iliyofungwa kwenye kiondo ni muhuri pia.

Maswali ya kujadiliana kwenye kikundi

- Tovuti yetu na barua pepe yetu zimesajiliwa kwa jina la nani?
- Huyo mtu akihama leo, kesho nani ataweza kufungua?
- Muda wa jina letu unaisha tarehe gani, na nani amepewa kazi ya kulilipia?