Asili Imo Ndani ya Ukuta
(Hotuba iliyotolewa mbele ya Mkutano wa Wanafunzi wa Zamani)



Nimeombwa niseme machache juu ya kazi yangu ya kutengeneza majumba makongwe. Nimechagua jengo ambalo kila mmoja wetu amelipita: Africa House, pale Shangani, linalotazama bahari upande wa machweo.

Zamani lilikuwa English Club, klabu iliyoanzishwa mwaka 1888. Baada ya Mapinduzi ya 1964 likapata jina la sasa. Likachakaa kama majumba mengi ya Mji Mkongwe, kisha likatengenezwa, na leo ni hoteli.

Watu huniuliza, "Fundi, kurudisha asili ndiyo kufanya nini?" Wengi hudhani ni kupachika mlango wa nakshi na kutundika taa za shaba. Ndugu zangu, asili ya nyumba zetu imo ndani ya ukuta. Kuta ni mawe ya matumbawe, udongo na chokaa. Dari hubebwa na boriti za mikoko, na ndiyo sababu vyumba vya kale ni vyembamba: upana haupiti urefu wa boriti. Ukuta wa chokaa hunywa maji ya mvua na kuyatoa jua likiwaka. Ukiupaka saruji umeuziba pumzi. Unyevu na chumvi hubaki ndani, plasta hubambuka, ncha za boriti huoza, na siku moja dari hushuka, ilhali kwa macho nyumba ni mpya.

Serikali imefanya sehemu yake. Mamlaka ya kuhifadhi Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985, na mwaka 2000 mji ukaingia katika Urithi wa Dunia. Lakini karatasi haichanganyi chokaa. Chokaa hutaka kuchomwa, kuzimwa kwa maji na kungojewa; mwenye hoteli ameshawapangia wageni tarehe, naye anataka saruji inayokauka upesi. Na majumba haya hayangoji. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit-al-Ajaib, jumba la mwaka 1883, ilianguka likiwa katika matengenezo, na watu wawili wakafa.

Liko na swali la pili: asili ya nani? Barazani pa klabu ile walikaa Waingereza wakitazama jua likizama, na mwenyeji alipanda ngazi kwa kubeba sinia. Turudishe chokaa, boriti na roshani. Mlango uliochagua watu tusiurudishe. Hoteli ikirejeshewa sura yake, halafu mtoto wa Shangani akaogopa kuingia, tumetengeneza nusu tu.

Ndugu Mwenyekiti, mafundi wanaojua kulainisha niru wanazidi kupungua, na elimu yao haimo katika kitabu chochote tulichosoma hapa. Naleta ombi mbele ya chama: kila mwaka tuwalipie vijana wawili wa shule hii posho na nauli, wakae na fundi mwashi mpaka mikono yao ijue kazi. Wawili wa kwanza nitawapokea mwenyewe.