Mti na Wachota Maji Wake

Mwaka jana nilinunua miche sita ya misonobari. Kwa kupenda usafi, niliiosha mizizi udongo wote wa kitalu kabla ya kupanda. Kiangazi kilipokaza, yote ilikauka.

Mzee wa kitalu alinicheka: "Mwanangu, umewaosha wachota maji wake!"

Kumbe kwenye mizizi huishi kuvu, jamaa ya uyoga. Nyuzi zake, nyembamba kuliko vinyweleo vya mizizi, hupenya pasipofikika, zikauletea mti maji na fosforasi. Mti nao hulipa kwa sukari. Misonobari ilipoletwa Afrika, miche mingi ilidumaa mpaka ilipotiwa udongo wenye kuvu wake.

Basi, tukihimizana kupanda miti, tuupande pamoja na udongo uliouzoea. Hata mti hauvuki ukame peke yake.