Kusomea Usanifu wa Mazingira
(Hotuba ya mwanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka)

Ndugu Mwenyekiti, Mwalimu Mkuu, walimu wangu, ndugu tuliolala bweni moja, nanyi vijana mliojificha viti vya nyuma:

Nimetakiwa niwaeleze vijana kazi ninayoifanya. Wengi hudhani mimi ni mchora ramani za nyumba tu. Kuchora nachora, lakini usanifu wa mazingira huanza kabla ya kalamu: jua linapita wapi, upepo unatoka upande gani, na maji ya mvua yakishuka paani yanakwenda kwa jirani yupi.

Nitasema kosa langu mwenyewe, maana hapa ni nyumbani. Mwaka wangu wa pili kazini nilichora jengo la madarasa manne huko pwani. Kiwanja kilikuwa chembamba, basi nikalilaza jengo kufuata barabara, madirisha yakatazama mashariki na magharibi. Kwenye karatasi lilipendeza. Nilipolitembelea baadaye, saa tisa alasiri, nilikuta watoto wote wamebanana upande mmoja wa chumba, wamelikimbia jua. Mwalimu wao hakunilaumu. Aliniuliza tu kama na mimi nilisomea darasa la namna ile. (Nilisomea hapa, nanyi mnajua baraza zetu zilivyo pana!) Katika nchi iliyo karibu na ikweta, jua la asubuhi na la jioni huingia chini kwa chini, paa haliwezi kulizuia. Kuta ndefu hutakiwa kutazama kaskazini na kusini. Hayo nilifundishwa mwaka wa kwanza, nikayaacha kwa haraka ya kumaliza. Tulipanda miti na kuongeza vibaraza, lakini jengo halikugeuka.

Mfano mwema upo Kariakoo. Soko lile lililofunguliwa mwaka 1975, ambalo moto uliliunguza Julai 2021, lilisanifiwa na Mtanzania, Beda Amuli. Paa lake ni miavuli mikubwa ya zege inayotoa kivuli na kukinga mvua, na hewa hupita chini yake.

Masomo haya hupatikana Dar es Salaam, katika kile tulichokiita Chuo cha Ardhi, kilichoanza mwaka 1972 na kuwa Chuo Kikuu Ardhi mwaka 2007. Humo hufundishwa usanifu majengo, mipango miji, upimaji, uhandisi wa mazingira na mengineyo. Mtu wa mipango miji aghalabu huishia halmashauri. Tangu Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, miradi mikubwa hutakiwa kufanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira, na huko nako wapo wenzetu. Desemba 2011 mafuriko yalipowatoa watu Bonde la Msimbazi, na wengine wakahamishiwa Mabwepande, makazi mapya yalihitaji kupangwa.

Sitawadanganya juu ya fedha: miaka ya mwanzo ni ya kuchorea wengine, na msanifu majengo hawi msanifu kamili mpaka Bodi imsajili. Mwenye haraka ya gari atafute kwingine.

Anayeitaka kazi hii anione baada ya chai. Aje na daftari lake la Hisabati, nitaanza kwa kulikagua hilo.