Ngozi Yenye Magamba Isisuguliwe

(Mazungumzo na wahitimu wa kisomo, kata ya Ihanda, wilaya ya Karagwe)



Leo hatuzungumzi habari za kahawa wala za mgomba. Tunazungumza habari za ngozi ya mtu. Tunaanza na aibu yetu wenyewe.

Katika darasa letu moja alikuwako mama ambaye siku zote alikaa karibu na mlango. Viwiko vyake na magoti yake vilikuwa na mabaka manene. Juu ya mabaka palikuwa na magamba meupe, yakipukutika kama unga. Wenzake walimwachia benchi zima. Kikombe alichonywea maji hakuna aliyekigusa tena. Na sisi walimu je? Tulimpa daftari huku tumelishika kwenye ncha. Hatukusema neno, lakini yeye aliona. Siku moja akatuuliza, "Mwalimu, hata wewe?" Tulikosa jibu. Ndipo tulipoanza kuuliza kwa waganga wa hospitali na kusoma. Haya tunayowaambia leo, tulipaswa kuyajua siku ile.

Ugonjwa wake unaitwa soriasisi. Sikilizeni unavyofanya kazi. Ngozi ya kila mtu hujibadilisha. Ngozi mpya huota chini, hupanda juu, na ile ya zamani huanguka bila sisi kuona. Kwa kawaida kazi hiyo huchukua karibu mwezi mmoja. Kwa mwenye soriasisi huchukua siku chache tu, 3 au 4. Ngozi mpya inafika juu kabla haijakomaa, na ya zamani haijaanguka. Basi zinarundikana. Hayo ndiyo magamba. Sababu yake ni askari wa mwili, wale wanaopigana na vijidudu. Wamekosea adui, wanaipiga ngozi ya mwenye mwili.

Ugonjwa huu hutembea katika ukoo, ingawa si kila mtoto huurithi. Lakini hauambukizi. Kwa kushikana mikono, hapana. Kwa kikombe, hapana. Kwa kulala kitanda kimoja, hapana. Mwezi Mei mwaka 2014, mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulitamka hivyo hivyo: ni ugonjwa wa kudumu, usioambukiza, na tiba ya kuumaliza kabisa haijapatikana. Kwa hiyo mtu akikuuzia dawa mnadani akasema "siku saba umepona", huyo anataka fedha yako.

Kwa nini tunadhani kila ugonjwa wa ngozi ni uchafu? Pengine tulisoma nusu ya somo. Mwaka 1973 ilikuwako kampeni ya Mtu ni Afya. Wazazi wetu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu, wakachimba vyoo. Kampeni ile ilifanya kazi kubwa, na faida yake tunaiona mpaka leo. Lakini baadhi yetu tulibaki na wazo kwamba mwenye ngozi mbaya haogi. Yule mama alikuwa anaoga mara tatu kwa siku! Na huko kuoga ndiko kulikomwongezea taabu, kwa sababu ya namna alivyooga.

Alijisugua kwa gunzi la mahindi na sabuni ya kufulia, hadi damu. Magamba yalitoka, naye akafurahi jioni ile. Baada ya wiki mbili mabaka yalirudi, tena makubwa kuliko ya kwanza. Soriasisi ina tabia hii: ngozi ikijeruhiwa, baka jipya huweza kuota mahali pale pale penye jeraha. Alipokwenda kuchanjwa kwa wembe mgongoni, mabaka yaliota yamefuata mistari ya wembe. Watu wakasema amerogwa. Kumbe ni wembe.

Basi kanuni ya kwanza ni kutoijeruhi ngozi. Gunzi, jiwe, dodoki gumu, wembe na kucha ndefu, viwekwe mbali.

Nini kinasaidia? Maji na mafuta. Mnacheka, lakini hata madaktari wakubwa huanza na hayo. Chukua maji ya uvuguvugu, si ya moto. Maji ya moto hukausha ngozi na kuongeza mwasho. Loweka sehemu yenye mabaka kwa dakika 10 hadi 15. Kama ngozi haikupasuka, unaweza kutia vijiko 2 vikubwa vya chumvi katika karai. Huko Mashariki ya Kati, penye ziwa liitwalo Bahari ya Chumvi, wagonjwa wa soriasisi husafiri toka nchi za mbali waje waoge na kuota jua, na wengi hupata nafuu. Sisi hatuna haja ya kusafiri. Ukimaliza kuloweka, futa magamba yaliyolainika kwa kitambaa, taratibu, kama unavyomfuta mtoto mchanga. Jikaushe kwa kugusagusa, usisugue. Ngozi ikiwa bado na unyevu, paka mafuta mengi. Mafuta hayo huzuia maji yasitoke kwenye ngozi.

Mafuta gani? Mafuta ya mgando ya dukani yasiyo na manukato yanafaa sana, na bei yake si kubwa. Mafuta ya nazi yanafaa, lakini hapa kwetu yanatoka mbali. Mafuta ya alizeti yanafaa. Mzee mmoja alituuliza juu ya samli ya ng'ombe, maana wazee wa Karagwe walijipaka samli tangu zamani. Tunamjibu: samli safi isiyo na chumvi hulainisha ngozi. Iliyochacha isipakwe. Na isipakwe kwenye kidonda. Paka asubuhi na jioni, kila siku, hata siku ambayo mabaka yametulia. Hapa ndipo wengi wanashindwa. Wanapaka wiki moja, wanaacha, halafu wanasema mafuta hayafai.

Shubiri mwitu je? Wengi mnao mmea huu kando ya nyumba, wenye majani manene na miiba pembeni. Hapa tuseme ukweli. Mwaka 1996 ulichapishwa uchunguzi uliosifu sana krimu ya shubiri kwa soriasisi. Mwaka 2005 wachunguzi wa Denmark walijaribu tena, wakalinganisha ute wa shubiri na ute mwingine usio na dawa. Ule usio na dawa haukushindwa! Kwa hiyo shubiri inaweza kupoza mwasho, lakini msiitegemee. Ukiitumia, kata jani, liache lichuruzike maji ya manjano, kwa sababu hayo huwasha. Tumia ute mweupe wa ndani. Jaribu kwanza kidogo kwenye mkono, ungoje siku moja.

Jua pia ni dawa, na halina bei. Anika mabaka dakika 5 hadi 10, mara tatu kwa wiki, jua likiwa bado si kali. Ngozi isiungue, maana kuungua nako ni jeraha. Wenzetu wenye ualbino wasifanye hivyo kamwe.

Sasa mambo ya hatari, tuyataje haraka. Kitunguu saumu kilichopondwa huunguza ngozi. Limau likipakwa ukatoka juani, huunguza vile vile. Maji ya betri, oili chafu na dawa ya kuogeshea ng'ombe ni sumu. Yapo mafuta meusi ya hospitali yatokanayo na makaa ya mawe, nayo husaidia, lakini msije mkachota lami ya barabarani! Tena jihadharini na mafuta ya kujichubua. Mengine yana dawa kali za jamii ya steroidi. Mabaka hufutika upesi, ngozi inakuwa nyembamba, na ukiacha ghafla ugonjwa unaweza kulipuka mwili mzima. Daktari akikupa dawa hizo kwa kipimo, hiyo ni habari nyingine. Pombe na tumbaku navyo huchochea ugonjwa huu. Ndugu wa rubisi, tumewasikia mnavyoguna.

Kabla ya yote, baka lijulikane. Baka lenye ganzi, ukiligusa kwa unyoya husikii, hilo huenda ni ukoma. Ukoma unatibika, tena bure, nenda zahanati mapema. Upele huwasha zaidi usiku na hushika nyumba nzima. Soriasisi ikikupata pamoja na maumivu ya viungo, au usaha, au homa, usibaki nyumbani na mafuta. Ikitokea ghafla kwa nguvu nyingi, ni vizuri kupima virusi vya UKIMWI, kwa sababu virusi hivyo huweza kuizidisha. Lakini msikilize vizuri: soriasisi peke yake si dalili ya UKIMWI. Mkoa wetu wa Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walikogunduliwa, mwaka 1983, na tangu hapo tumejifunza kumhukumu mtu kwa kuangalia ngozi yake.

Zahanati ikishindwa, kuna hospitali ya Nyakahanga. Na nchi yetu ina kituo kikubwa cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, pale KCMC Moshi, tangu mwaka 1992.

Mwishoni mama mmoja aliuliza: mwenye soriasisi aweza kunyonyesha na kupika? Aweza. Dawa ya hospitali asiipake kwenye titi bila kuuliza. Aweza kumenya ndizi za harusi nzima. Apake tu mafuta mikononi kwanza, kama tunavyofanya sote kwa ajili ya utomvu, na akimaliza apake tena.