Kidole Kimoja Hakivunji Chawa

Hotuba kwa niaba ya kamati ya fedha, siku ya harambee ya maabara

 

Sisi tunaoshika vitabu vya hesabu mmezoea kutuona hapa tukisoma mapato na matumizi. Taarifa hiyo iko kurasa za nyuma za kijitabu hiki. Leo tunaomba dakika chache tuzungumzie kazi ya Profesa Faith Osier, mwanasayansi Mkenya wa elimu ya kinga ya mwili, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanyika hapa kwetu Kilifi.

Profesa Osier alisomea udaktari Chuo Kikuu cha Nairobi, kisha akafanya utafiti katika kituo cha KEMRI na Wellcome kilichoanzishwa Kilifi mwaka 1989. Swali lake kila mzazi wa Pwani analijua. Kwa nini malaria humlaza mtoto mdogo hata akapoteza fahamu, ilhali mtu mzima aliyekulia hapa hapa, akiumwa na mbu hao hao, hupata homa kidogo au hapati kabisa? Mwili wa mtu mzima umejifunza kitu. Ni kitu gani?

Kimelea cha malaria huingia ndani ya chembe nyekundu ya damu, huzaliana humo kwa siku mbili hivi, kisha huipasua na kuvamia nyingine. Katika muda mfupi kinapokuwa nje, kingamwili zinaweza kukishika, na chembe nyeupe zikakitambua na kukimeza. Shida ni kwamba kimelea kina protini nyingi. Mwili ulenge ipi?

Mwaka 2008 yeye na wenzake walionyesha kwamba watoto wa Kilifi waliokuwa na kingamwili za aina nyingi, tena kwa kiwango kikubwa, ndio waliokingika zaidi. Mwaka 2014 wakachapisha matokeo ya watoto 286 wa Kenya waliotolewa damu mwanzoni mwa msimu wa malaria na kufuatiliwa kwa miezi 6. Kati ya protini 10 zilizoongoza, waliokuwa na kingamwili dhidi ya 5 kwa pamoja hawakuugua malaria muda huo wote. Mwaka 2018 kikundi chake kikaeleza kifaa kinachopima kingamwili dhidi ya protini zaidi ya 100 kwa mara moja.

Chanjo ya RTS,S, iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021, hulenga protini moja tu. Inasaidia, lakini haizuii malaria yote. Ndiyo maana utafiti huu wa protini nyingi bado una kazi ya kufanya. Wazee walishasema kidole kimoja hakivunji chawa.

Kuanzia 2019 hadi 2022 Profesa Osier aliongoza umoja wa kimataifa wa vyama vya wanasayansi wa kinga, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo.

Sisi wahasibu tukitazama rekodi kama hiyo tunawaona pia walioijenga chini. Kuna mama aliyekubali mwanawe atolewe damu, kuna aliyepita nyumba kwa nyumba kuuliza nani ana homa, na kuna aliyeandika tarehe kwenye kila kichupa na kuhakikisha jokofu halizimi. Mmoja wao akizembea, hesabu haifungi.

Watoto wa Kilifi wametoa damu yao kwa sayansi. Sasa tuwape nafasi ya kushika hadubini. Shuleni kwetu wanafunzi wa kidato cha nne wanajifunza chembe hai kwa mchoro wa ubaoni, na mtihani wa vitendo ukifika vifaa vinaazimwa. Binti mwenye akili atajibu swali la mtihani, lakini hajawahi kuiona chembe ya damu kwa macho yake. Wangapi huacha sayansi kwa sababu hiyo tu?

Tunaomba kila nyumba iahidi shilingi 500 kila mwezi kwa miaka 3. Mchango mkubwa wa siku moja tunaupokea kwa shukrani, lakini maabara hula kila mwezi: maji, gesi, kemikali, mshahara wa msimamizi. Anayeweza zaidi atoe zaidi. Asiyeweza hizo atoe 100, mradi asikatize. Ukituma kwa M-Pesa utapewa risiti, na jina lako litaingia kitabuni siku hiyo hiyo.

Mwaka ujao tutasimama hapa kuwasomea kila shilingi iliyoingia na ilikokwenda. Tukaguliwe, tuulizwe maswali. Fomu za ahadi ziko mezani kwa mweka hazina.